Nguo Zilizotembea Bila Wenyewe

Tik.

Ulikuwa mlio mdogo tu, ule wa pasi ya umeme inapopata moto wa kutosha na kuzima kitaa chake. Kulikuwa hakujapambazuka. Msomaji wangu, wiki jana tulimwacha Shangazi akiwa peku, mkono juu ya kitasa cha chumba cha pasi, vinyweleo vimemsimama. Katika nyumba ile ya dobi, mtu aliyekuwa akipiga pasi kabla ya jua kutoka alikuwa mmoja tu, na huyo walikuwa wameshamzika.

Tik, ikalia tena.

Shangazi akausukuma mlango.

Hakuwa mzimu. Afadhali angekuwa mzimu. Alikuwa kaka yake, dereva mstaafu wa lori, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kunyoosha hata leso. Alikuwa amevaa fulana na taulo kiunoni, anaikandamiza pasi kwenye gauni la njano kana kwamba lori limekwama matopeni na yeye ndiye wa kulisukuma.

"Umenitoa roho," Shangazi alisema.

"Napiga pasi."

"Naona. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Leo watu wanakuja kumkumbuka mwanangu, na gauni lake lina makunyanzi."

"Kaka, inua pasi."

"Subiri nimalize huku chini."

"Inua pasi, kaka."

Aliinua. Kwenye upindo wa gauni palibaki alama ya kahawia, yenye ncha, umbo la pasi kamili. Wote wawili waliitazama. Kisha yule dereva, aliyevuka mito iliyofurika na mizigo ya watu bila kupoteza hata gunia, akaketi kwenye kapu la nguo chafu na kufunika uso kwa mikono.

Shangazi hakumgombeza. Alichomoa waya wa pasi, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, akatia sukari mara mbili kama alivyopenda, akamwekea mkononi.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nimweleze upesi. Binti wa dereva huyu aliitwa Tiara, kama kile kishada cha karatasi cha watoto, jina alilopewa na baba mwenyewe, kwa kuwa ukimwachia kamba kidogo tu ameshapaa. Mama yake alifariki mapema, Shangazi ndiye aliyemlea, na alipokua akawa mkono wa kulia wa Shangazi pale kwenye udobi. Alifua akiimba, akaanika akicheza, akapeleka nguo kwa baiskeli bila kushika usukani. Asubuhi moja alikuwa akianika mashuka. Shangazi alimsikia akicheka, akadhani kaona kitu barabarani. Alipotoka nje alimkuta chini, amejiviringa katika shuka jeupe, uso bado una kicheko. Daktari alisema ni moyo. Hakuwa ameugua hata mafua.

"Nilitaka kulitundika kwenye kiti chake," dereva alisema. "Pale mbele. Watu wakiingia waone."

"Litatundikwa. Tutaligeuza, alama ikae nyuma."

Dereva akanywa chai. Ilipomfika tumboni, akili zikamrudia, na pamoja nazo ule ugomvi wake wa kawaida.

"Na suti yangu ya kijivu umeipeleka wapi?"

"Sijaigusa suti yako."

"Ile yenye kifungo kimoja cha kahawia."

"Naijua. Kifungo hicho nilikishona mimi, ulishindwa kunitafutia cha kijivu."

"Basi imeondoka kwa miguu yake."

"Vaa shati jeupe, kaka. Hakuna atakayekutazama wewe."

Alipotoka kwenda kuoga, Shangazi alilichukua gauni alipime lile doa kwa karibu. Akavaa miwani. Akaigeuza kola.

Ndipo alipoiona.

Ndani ya kola kulikuwa na nukta ndogo ya uzi wa zambarau. Sasa elewa kazi ya dobi ilivyo. Nguo za mtaa mzima huingia beseni moja, na ili shati la huyu lisije likaenda kwa yule, kila mteja ana rangi yake ya uzi, inayoshonwa mahali pasipoonekana. Shangazi alizijua rangi zote kama anavyojua sura za wenyewe. Zambarau haikuwa ya Tiara. Tiara hakuwa na rangi.

Zambarau ilikuwa ya Mwalimu Mkuu.

Ni kweli, Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaani, mwanamke wa sketi nyeusi na sauti ya filimbi, alikuwa na gauni la njano lenye marinda mabegani. Alilileta limefungwa ndani ya gazeti, akamwambia Shangazi alifue peke yake na lisianikwe upande wa barabara. Hakuna aliyewahi kumwona nalo. Shangazi aliamini lilisharudi kwa mwenyewe zamani. Kumbe lilikuwa chumbani kwa Tiara, nyuma ya mlango, na katika msiba kila mtu akalihesabu kuwa lake.

Shangazi alikwenda sebuleni mbiombio. Ukutani kulikuwa na picha za Tiara, kubwa, ambazo kijana mpiga picha wa kona ya mtaa alizisafisha kwa hiari yake na kuja kuzitundika jana jioni, hataki hata soda. Jana Shangazi hakuwa na miwani. Leo anayo.

Picha ya kwanza: Tiara amevaa gauni la njano, mikono imefunguliwa kama mwimbaji jukwaani. Gauni la Mwalimu Mkuu.

Picha ya pili: Tiara ndani ya shati la kijani linalong'aa, lenye kasuku mgongoni na kifuani, kofia imeshushwa usoni. Shati la Kinyozi, mtu anayejulikana kwa shati hilo kuliko kwa kunyoa.

Picha ya tatu: Tiara katika sare nyeupe ya unesi, amekunja uso kama anayekaribia kuchoma mtu sindano. Sare ya Nesi wa nyumba ya kulelea wazee, mteja wao mkubwa kuliko wote.

"Masikini mtoto huyu," Shangazi alinong'ona. "Ameniua na yeye hayupo."

Maana katika udobi unaweza kusamehewa yote. Ukichelewa utasamehewa, ukipoteza kifungo utasamehewa. Dobi anayevaa nguo za wateja hasamehewi. Habari hiyo ikitoka, watu watakusanya nguo zao kabla ya mchana. Lakini si hilo lililomtia hofu Shangazi. Wateja wengine wangepatikana. Kilichomtia hofu ni kaka yake, aliyekuwa bafuni akisugua mgongo, ambaye kilichomsimamisha asubuhi hadi asubuhi ni kuamini kwamba binti yake alikuwa kichaa kidogo lakini mwaminifu kabisa. Leo, mbele ya watu, angeambiwa alizaa mwizi.

Picha zingeondolewa. Alishaanza kushusha ya kwanza dereva alipotokea na shati jeupe.

"Unafanya nini?"

"Zimekaa upande."

"Ziko sawa. Usiziguse." Akasimama mbele ya picha ya sare, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Unajua, alikuwa anataka kuwa nesi. Hakuniambia tu. Ona alivyopendeza."

Ungefanya nini, msomaji? Shangazi alifanya alichoweza. Aliweka chungu cha maua mbele ya sare. Akaning'iniza taulo la kufutia mikono juu ya kasuku. Gauni la njano akaligeuza kola ndani, marinda akayakunja, akaomba wageni wawe wachache na wenye macho mabaya.

Wakaja wengi, na wenye macho mazuri.

Kinyozi aliingia wa kwanza, akampa pole dereva kwa kumkumbatia kwa muda mrefu, kisha akanawa mikono na kutafuta taulo.

"Siyo hilo," Shangazi alisema.

Alichelewa. Taulo lilikuwa mkononi mwa Kinyozi, na Kinyozi alikuwa anatazamana na kasuku wake.

"Shangazi."

"Kaa, baba, chai inakuja."

"Shangazi, huyu ndege namfahamu."

"Mashati yanafanana."

"Hili halifanani na jingine. Niliagiza. Fundi aliniuliza mara tatu kama nina uhakika." Akasogea hadi pua ikakaribia ukuta. "Hata ule mkato wa wembe upo kwenye mkono wa shati. Hili ni langu."

Hakusema kwa ubaya, lakini sauti ya kinyozi imezoea kushindana na redio. Sebule nzima ilisikia. Kikombe kimoja kikawekwa chini. Kingine. Nesi, aliyekuwa amekaa kwenye kona na sare yake nyeupe kwa kuwa angekwenda zamu mchana, akanyoosha shingo na kuchungulia nyuma ya maua.

"Na hiyo ni yangu," alisema taratibu.

Dereva alisimama. Alikuwa mrefu, na chumba kikawa kidogo.

"Mnasema nini?"

Kinyozi akalitundika taulo begani.

"Nauliza mnasema nini. Mnasema mwanangu alikuwa akiiba nguo za watu?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee," Kinyozi alisema.

"Basi sema unachosema."

"Nasema shati ni langu. Halijapotea, liko kabatini. Ninachouliza..." Kinyozi akajikuna kidevu. "Ninachouliza ni, je, hiyo ndiyo habari ya pipi?"

"Pipi gani?" aliuliza Shangazi.

"Pipi ya mnanaa. Kila nikipata shati kutoka kwako, mfukoni kuna pipi ya mnanaa. Nilidhani ni takrima ya duka."

"Duka langu halitoi pipi."

"Mimi pia nazipata," Nesi alisema. "Mfuko wa kulia. Nilifikiri ni wewe, Shangazi. Kule barabarani wamefungua udobi wa mashine, wanarudisha nguo siku ileile, na mimi nikasema hapana, mashine haiweki pipi."

Watu wakaanza kutazamana. Shangazi aliona mambo yanageuka, lakini si kule alikotegemea. Dereva alikuwa bado amesimama, ngumi zimekunjwa, hajui ampige nani.

"Nguo alizivaa," alisema kwa sauti nzito. "Pipi au hakuna pipi. Alizivaa bila kuomba."

"Na mimi yangu ilirudi imeshonwa," Nesi alisema. "Mfuko ulikuwa umechanika. Sikuwa nimeomba ushonwe."

"Ndiyo. Lakini alizivaa."

Hakika ilikuwa hivyo. Mtu mwadilifu ana shida moja, hajui kujipunguzia. Dereva akageuka kukitazama kiti cha mbele, na lile gauni lililotundikwa pale.

"Angalau hilo ni lake," alisema. "Hilo la njano ni lake mwenyewe."

Shangazi alifumba macho.

Kwenye mstari wa pili, Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi wima ndani ya sketi yake nyeusi. Tangu aingie hakuwa amepepesa macho. Kando yake walikaa wazazi wa wanafunzi wake wawili, na nyuma yake mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi, ambaye bado alificha mikono akimwona. Mwanamke huyu angeweza kunyamaza. Gauni lingebaki la Tiara milele, dereva angebaki na kitu kimoja kisicho na doa, na siri ya marinda ingezikwa. Shangazi alikuwa akimwomba kimoyomoyo anyamaze.

Mwalimu Mkuu akasimama.

"Gauni hilo ni langu."

Yule mwenye kitambi alipaliwa na chai.

"Nililinunua mwenyewe," Mwalimu Mkuu aliendelea, kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo. "Nililipenda dirishani. Nilipofika nyumbani nikaogopa. Nikawa nalivaa chumbani, nimefunga mlango, najitazama, nalivua. Siku moja nililileta hapa. Binti yako alinifuata hadi getini, akaniuliza, 'Mwalimu, hili gauni linaenda wapi?' Nikamwambia haliendi popote. Akasema, 'Basi nitalitembeza mimi.' Nikadhani ni utundu tu wa mdomo. Sikumkataza." Akamgeukia dereva. "Kwa hiyo, baba, hili la kwangu hakuiba. Aliomba. Na sikulifuata kwa sababu nilipenda kufikiri kwamba lipo mahali linatembea."

Akaketi. Akanyoosha sketi.

Dereva alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika, na Shangazi akakimbilia upande wake akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alijaribu kuzuia, ikashindikana, na kicheko chake kilikuwa kilekile cha Tiara, cha pumzi mbili mbili, ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu siku ya mashuka. Kinyozi akafuata, kisha yule mwenye kitambi, kwa woga.

Nesi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya picha, anazitazama kwa zamu.

"Mwimbaji," alisema. "Kijana wa kofia. Nesi mgeni."

"Nini?" Shangazi aliuliza.

"Kwetu kuna bibi mmoja, chumba cha mwisho. Hana mtu. Nimefanya kazi pale muda mrefu, sijawahi kuona ndugu yake. Lakini kila wiki anatuambia amepata wageni. Mara mwimbaji wa gauni la njano. Mara mpwa wake, kijana mwenye shati la ndege. Wiki nyingine, nesi mpya, mkali kuliko sisi wote. Tukawa tunaitikia tu. Tuliona akili zimeanza kumtoroka." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na yeye ndiye mwenye pipi za mnanaa. Anampa kila anayeingia. Binti huyu alikuwa akituletea mashuka masafi kila wiki. Tulimwona akiingia chumba cha mashuka na furushi. Hatukumwona akitoka."

Dereva akaketi polepole.

"Nani anapeleka mashuka siku hizi?" aliuliza dereva, hajui hata anachouliza.

"Anapeleka mpwa wa jirani. Anaacha mlangoni," Shangazi alijibu.

"Na siku ya wageni wa bibi ni ipi?"

"Leo," Nesi alisema. "Huwa bibi anakaa dirishani tangu chakula cha mchana. Tangu msiba anakaa tu. Hakuna aliyemwambia chochote, kwa kuwa hatukujua kuna la kumwambia."

Shangazi alifungua kamba ya aproni.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Kaka, wewe baki na wageni."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitajua nikifika."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasimama tena. Bila kumtazama mtu, alikwenda hadi kwenye kiti, akalitwaa gauni, akaingia chumba cha pasi na kufunga mlango. Alipotoka, marinda yalikuwa yamesimama mabegani, na alama ya pasi imekaa palepale mbele ya goti, kwa kuwa alilivaa haraka na hakuona.

"Hili doa ni la nani?" aliuliza.

"La kwangu," alisema dereva.

"Nitalizoea. Twende, Shangazi, kabla sijabadili mawazo."

Nyumba ya wazee ilinukia sabuni na supu. Nesi aliwatangulia kwenye ukumbi mrefu hadi chumba cha mwisho, akawaacha mlangoni. Ndani, karibu na dirisha, alikaa bibi mdogo, mwembamba, kichwa cheupe, na bakuli la pipi mapajani.

Shangazi alikuwa ameyapanga maneno njiani. Yote yakapotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingieni. Nani hao?" Bibi alikaza macho. "Gauni nalijua. Aliyelivaa simjui."

Mwalimu Mkuu, aliyewahi kuhutubia shule nzima kwenye mvua, akapoteza sauti. "Mimi ni... mimi ni mwimbaji," alisema.

"Ahaa. Basi imba."

Shangazi alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akatazama dari. Kisha, hivyo hivyo, akaimba wimbo wa kuhesabu wanaoimba watoto wa chekechea, maana ndio peke yake aliokumbuka, na alipofika saba sauti ikapasuka.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa.

"Usijali," alisema. "Yule mwenzako aliimba vibaya zaidi. Chukua pipi."

Shangazi akavuta kigoda, akakaa karibu, akaushika mkono wa bibi. Ulikuwa mwepesi, mkavu, na kucha zimekatwa vizuri. Nani alimkata, alijiuliza, na akajua.

"Mama, wale wageni wako. Yule mwimbaji, na mpwa wako, na nesi..."

"Walikuwa mtu mmoja," bibi alisema.

"Ulijua?"

"Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu, kichwa kiko hapa. Kila akija ana jina jipya, kazi mpya, sauti mpya, na raba zilezile. Moja kamba nyekundu, nyingine nyeupe." Akatabasamu, na alikuwa na meno machache lakini aliyatumia yote. "Siku ya kwanza alileta shuka. Nikamwambia, mwenzangu wa kitanda kile huja kuonwa na watu wengi, mimi sina hata mmoja. Akaniambia, 'Nitakuletea watu.' Wiki iliyofuata wakaanza kuja."

"Kwa nini hukumwambia kwamba umemjua?"

"Ningemwambia, angekuja mmoja tu. Mimi nilitaka waje wote."

Mwalimu Mkuu aligeukia dirisha, akawa anahangaika na pazia ambalo halikuwa na tatizo.

Sasa ilibidi lisemwe. Shangazi alivuta pumzi. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, kuna jambo nimekuja kukuambia. Yule mtoto..."

"Najua," bibi alisema. "Usijitese. Nimeshaambiwa."

"Na nani? Nesi mwenyewe alikuwa hajui."

"Na baba yake."

Shangazi alimtazama. Baba yake Tiara alikuwa nyumbani kwenye shati jeupe, anagawa chai, na hakujua habari za bibi huyu hadi leo asubuhi.

"Baba yake alikuja hapa?"

"Juzi. Alikaa hapohapo ulipokaa, akalia mpaka nikampa pipi zote. Lakini siyo mara ya kwanza. Yule mtoto alikuwa akimleta mara nyingi, mwisho mwisho hivi. 'Bibi, leo nimekuja na baba.' Haya, nikasema, karibu baba." Bibi akainama karibu, sauti ikashuka, na macho yale mabovu yakang'aa kwa umbea mtamu. "Baba gani yule, mwanangu? Hana hata unywele mmoja wa mvi, na kamera inamning'inia shingoni. Suti inampwaya mabegani kama ya kuazima. Na hakuna baba anayemtazama binti yake namna ile."

Pazia liliacha kutikiswa.

"Suti ya rangi gani?" Shangazi aliuliza, ingawa moyoni alishajua.

"Ya kijivu. Nzuri tu, isipokuwa kuna mtu aliyeshona kifungo kimoja cha kahawia. Mtu asiye na macho kuliko mimi."

Bibi akachagua pipi kwenye bakuli, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa Shangazi, mfuko wa kulia, akaupigapiga kwa kiganja.

"Njoo tena wiki ijayo, mwanangu," alisema. "Na umlete baba mwenyewe, yule wa kweli. Kijana atakuwepo. Anataka kumrudishia suti yake, na ana jambo la kumwambia, ila anaogopa kwenda peke yake."